Klabu ya makasia ya wanafunzi Mtwara: tunahesabu kisichohitaji kuhesabiwa

Mtu akisikia kwamba klabu ya makasia ya wanafunzi imekua, swali lake la kwanza huwa ni boti. Zipo ngapi, ni za nani, zimenunuliwa kwa fedha ipi. Nimelisikia swali hilo kwenye vijiwe vya kahawa Mikindani, nimelisikia kwa wahadhiri, na nimelisikia kwa wanafunzi wenyewe, wakiuliza kwa sauti ya watu wanaoona haya kidogo. Kwa mwaka mmoja na ushei sasa, kundi la wanafunzi wa chuo kimoja hapa Mtwara limekuwa likiteremka ufukwe wa Shangani mwisho wa wiki kujifunza kuvuta makasia. Walianza wakiwa watu wa kujaa dau moja la kukodi. Siku hizi wanashuka majini kwa zamu tatu, na wengine hubaki mchangani wakisubiri zamu ya nne ambayo mara nyingi maji hayairuhusu. Hakuna boti mpya hata moja iliyonunuliwa, na kwa sababu hiyo wapo wanaosema hakuna kilichokua pale. Mimi naona kinyume. Klabu ya makasia ya chuo hukua kwa uwezo wake wa kumpokea mtu asiyejua chochote kuhusu bahari na kumrudisha nchi kavu akiwa mzima na akiwa anajua. Boti nzuri na medali huja baadaye, au haziji kabisa na klabu ikabaki nzuri vilevile. Tukikosea hapa, tutakinunulia chuo chombo cha gharama kubwa na kuiua klabu kwa mkono huohuo.

Mjadala huu umepamba moto kwa sababu. Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kwamba makasia ya ufukweni yaingie kwenye Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028, yakichukua nafasi ya mbio za wavuta makasia wa uzito mwepesi. Mchezo huo umo pia kwenye orodha ya Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangwa kufanyika Dakar mwaka 2026, ambayo ni ya kwanza ya Olimpiki kuletwa Afrika. Nao ni tofauti kabisa na ule wa televisheni, wa boti nyembamba kama sindano kwenye maji yasiyotikisika. Huku mvuta makasia anaanzia mchangani. Anakimbia, anaruka ndani ya boti inayoshikiliwa na wenzake, anavuta mita 250 akipindapinda kati ya maboya, anageuza, anarudi mita 250 nyingine kwa mstari ulionyooka, kisha anaruka chini na kukimbia tena mpaka mwisho. Wanashindana wawili wawili, anayeshindwa anatoka, na mawimbi ni sehemu ya mchezo wenyewe. Mtu wa Mtwara au Lindi akitazama mbio hizo anaona vitu anavyovijua tangu utotoni: mchanga, mkunjo wa wimbi, watu wamekishika chombo kisichukuliwe na maji. Kwa hiyo habari ilipofika kwetu ilipokewa kwa namna mbili. Wako waliosema njia ya medali imefunguka, chuo kinunue boti upesi. Wako waliosema hizi ni anasa za wenye fedha zao, wanafunzi warudi maktaba. Ukisikiliza vizuri, pande zote mbili zinazungumzia boti.

Turudi nyuma kidogo, kwenye asili ya jambo. Oxford na Cambridge walishindana kwa makasia kwa mara ya kwanza mwaka 1829, huko Henley, Uingereza. Harvard na Yale wakafuata mwaka 1852 kwenye Ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire, safari ikigharamiwa na kampuni ya reli iliyotaka kuvuta abiria. Hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa mashindano ya kwanza kati ya vyuo vya Marekani katika mchezo wowote. Hiyo ndiyo sehemu inayopigwa picha. Sehemu isiyopigwa picha ni klabu ndogondogo zilizo chini ya timu hizo mbili kubwa. Oxford na Cambridge, karibu kila chuo kidogo kilicho ndani ya chuo kikuu kina klabu yake, na wanachama wengi hufika hapo wakiwa hawajawahi kushika kasia. Mito yao ni myembamba kiasi kwamba boti kadhaa haziwezi kwenda sambamba. Basi tangu mwanzoni mwa karne ya 19 wakaja na mbio za kufukuzana: boti hupangwa msururu, moja nyuma ya nyingine, mlio wa kuanza ukipigwa kila boti huikimbiza iliyo mbele yake. Ikiigusa, kesho yake inaanza ikiwa imepanda nafasi moja. Nalitaja jambo hili kwa sababu nitalirejea. Wale watu hawakungoja mto upanuliwe ndipo waanze. Walichukua wembamba wa mto wakautengenezea mchezo.

Mfano unaotufaa zaidi, hata hivyo, uko Marekani, na ndio unaosomwa vibaya zaidi. Sheria ya mwaka 1972 inayojulikana kama Title IX ilikataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopata fedha za serikali kuu, michezo ikiwemo. Vyuo vyenye vikosi vikubwa vya wanaume kwenye kandanda ya Kimarekani vilihitaji mchezo wa wanawake wenye nafasi nyingi, na makasia yanabeba watu wengi kwa mpigo. Mwaka 1997 chama cha michezo ya vyuo cha nchi hiyo, NCAA, kikaanzisha ubingwa wa makasia wa wanawake. Wanaume hawamo kwenye ubingwa huo mpaka leo. Ndiyo maana kwenye vyuo vikubwa vya umma kama Michigan na Virginia makasia ya wanaume ni klabu: wanafunzi wanachagua viongozi wao, wanalipa ada yao, wanatafuta fedha wenyewe. Kwenye klabu nyingi za aina hiyo wanachama hujikodisha mwisho wa wiki kukusanya majani uani kwa watu, kuhamisha samani, kubeba kuni, na ujira unaingia kwenye mfuko wa klabu. Mwaka wa masomo ukianza, wanakaa kwenye meza karibu na mabweni na kuwasimamisha wageni. Mwanafunzi akisema hajawahi kuvuta kasia maishani mwake, anaandikwa jina. Mtu wa mwaka wa pili aliyejifunza mwaka jana tu ndiye anayemfundisha huyu wa leo, na ufundi hupita mkono kwa mkono namna hiyo. Ukuaji wa klabu za vyuo umejengwa juu ya watu wa aina hiyo. Tunachokiona sisi kwenye simu zetu ni boti inayong'aa, na tunadhani boti ndiyo iliyowaleta watu.

Sasa tazama Shangani kwa kipimo hicho. Wengi wa wanafunzi wale si watoto wa pwani. Wametoka Njombe, Songea, Iringa, Masasi, na wengine waliiona bahari kwa mara ya kwanza siku basi lilipowashusha hapa. Asubuhi moja nilisimama kumwangalia binti mmoja akiingia chomboni kwa mara ya kwanza. Mzee anayewafundisha, mvuvi aliyeacha nyavu kwa ajili ya mgongo, alikuwa ameufunga upya ule ukamba unaoshika kasia ubavuni mwa dau, tunaouita kishwara, akaulainisha kwa mafuta kidogo kwa kidole gumba. "Haya mwanangu, kaa, mgongo uelekee huko tuendako, unitazame mimi." Binti akakaa kinyume, akacheka kwa woga, akarekebishwa. Akavuta. Kasia likazama mno, likang'ang'ania maji, mpini ukamsukuma kifuani nusura umwangushe. Mara ya pili halikugusa maji kabisa. Kwenye mara ya kumi hivi ukasikika ule mlio mfupi, mzito, wa maji yanayoshikwa barabara, na dau likaenda. Mzee hakusema kitu. Alipanda tezi, nyuma ya dau, akashika usukani. Ninaposema klabu imekua, ninamaanisha hili limetokea mara nyingi, kwa watu wengi, na hakuna aliyezama.

Wanaoipinga klabu wana hoja, na si zote za kupuuzwa. Ya kwanza ni gharama. Boti mpya ya mashindano ya watu wanane, ya kaboni, huuzwa kwa zaidi ya dola 40,000. Ina urefu wa zaidi ya mita 17, haingii kwenye kontena la futi 40 isipotengenezwa kwa vipande, na ukiigonganisha na mwamba maji yakiwa yamepwa umemaliza habari yake. Kwa chuo ambacho wanafunzi wake wengi wanasubiri bumu, fedha ya mkopo wa masomo, ndipo wale vizuri, kununua kitu hicho ni dhuluma, na hapo nakubaliana na wapingaji neno kwa neno. Lakini hoja hiyo inaipiga boti, haiipigi klabu. Mchezo wa ufukweni wenyewe hutumia vyombo vifupi na vizito zaidi, ile ya watu wanne na mshika usukani ikiwa na urefu usiozidi mita 10.7 na uzito usiopungua kilo 150, vilivyotengenezwa vihimili mawimbi. Na kabla hata ya kufika huko kuna dau. Mafundi wa kuunda na kutengeneza vyombo wapo Mikindani na wapo Lindi, wanaojua kutia kalafati kwa pamba na mafuta, wanaojua mbao ipi inapinda bila kupasuka. Mtu akiwaeleza wanafunzi wanahitaji chombo cha kufundishia chenye nafasi nne za kuvutia na ubavu mpana usiopinduka ovyo, watauliza maswali mawili matatu ya vipimo na wataanza kazi. Nitaongeza jambo moja hapa kwa haraka. Chombo cha mbao kikivunjika kinatengenezwa mjini hapa hapa. Cha kaboni kinasubiri mtu wa kutoka ng'ambo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosemwa kwa kujiamini zaidi, kwamba makasia ni mchezo wa Wazungu. Anayesema hivyo pwani ya kusini amesahau lugha anayoisema. Kiswahili kinatofautisha kafi na kasia. Kafi hushikwa mkononi bila kufungwa popote na mpigaji hutazama mbele. Kasia hushikizwa ubavuni mwa chombo na mvutaji huipa omo, mbele ya chombo, mgongo, akitazama tezi. Hiyo ndiyo tofauti ileile inayotenganisha michezo miwili kwenye Olimpiki, wa mitumbwi na wa makasia, na sisi tuna majina yake bila kumkopa mtu. Tuna majina ya mkuku, mataruma, usukani, pondo, kishwara. Kanda ya Ziwa watu wamejaa fukwe za Mwanza kwa miaka mingi kushuhudia mbio za mitumbwi ya makafi, wanaume kwa wanawake, zikidhaminiwa na kampuni ya bia. Zanzibar wana resi zao za ngalawa. Watu wa Kilwa Masoko bado wanavuka kwa chombo kwenda Kisiwani, na Lindi mjini mtu anavuka kwenda Kitunda kama mwingine anavyovuka barabara. Tulichokosa ni klabu, yaani utaratibu wa kumfundisha mtu asiye wa ukoo wa wavuvi. Utaratibu huo ndio wa kuiga, na kuuiga hakumfanyi mtu aache kuwa Mmakonde, Mmwera au Mmakua.

Upande wa watetezi nao una hoja yake dhaifu, ambayo ni medali. Nimesikia ikisemwa kwamba kwa kuwa mchezo umehamia ufukweni na sisi tuna fukwe, basi Los Angeles tuna nafasi. Tuwe waangalifu na ahadi tunazowapa vijana. Tanzania ina medali mbili za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Tangu hapo hatujapata nyingine, na riadha ni mchezo usiohitaji chombo wala banda. Afrika Kusini walipochukua dhahabu ya makasia London mwaka 2012, na Sizwe Ndlovu akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa, nyuma yao kulikuwa na shule zenye makasia, vyuo vyenye makasia na makocha wa kudumu. Uganda walipata mvuta makasia wao wa kwanza wa Olimpiki kwenye Michezo ya Tokyo 2020, Kathleen Noble, aliyeujulia mchezo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Ukifuata mifano hiyo unafika palepale, kwenye mahali panapompokea mwanafunzi. Lakini klabu iliyoanzishwa kwa ahadi ya medali hufanya jambo moja baya mapema sana: huwachuja watu. Inawabakiza sita wenye misuli, wengine inawarudisha bwenini, na hao sita wakihitimu hakuna anayebaki wa kumfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Miaka mitatu tu inatosha kuizika klabu ya namna hiyo.

Kuna hoja moja inayoniumiza kuijibu, kwa sababu wanaoitoa wana haki nayo. Ni ya wazazi wavuvi. Mama mmoja wa Msangamkuu aliniambia bila hasira kwamba baba wa watoto wake alivuta kasia mpaka viganja vikawa kama gome la mkorosho, ili kijana wao asivute. Leo amefika chuo, na anasikia huko chuoni wanafundishwa kuvuta. Nilikaa kimya muda mrefu. Huku kusini tuna kumbukumbu ya mambo makubwa yaliyoletwa kwa sifa na yakaondoka, tangu ule mpango wa karanga wa wakoloni wa mwishoni mwa miaka ya 1940, na mtu akiangalia kwa jicho la mashaka jambo jipya linalofanywa na wasomi ufukweni kwake, si ukaidi. Jibu langu kwake ni hili, na sidai kwamba linatosha. Kasia la njaa na kasia la klabu yana uzito uleule mkononi, ila la klabu mtu analiweka chini akitaka. Mume wake hakuwa na hiari hiyo. Zaidi ya hapo, maarifa aliyokuwa nayo mume wake, ya kusoma upepo, ya kujua mkondo unapita wapi kati ya Msangamkuu na bandari, kwa miaka yote yamehesabiwa kuwa ni ya watu wasiosoma. Mwanafunzi wa shahada anapokaa tezi chini ya mvuvi na kuambiwa "sikiliza kwanza", hadhi ya yale maarifa inabadilika kidogo. Kijana wa mama yule, kama atajiunga, ataingia pale akiwa mjuzi kuliko wenzake wa bara, na jambo hilo halijamtokea darasani hata siku moja.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni usalama, na hapa sitaki kulegeza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi mno wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wa wanafunzi ninaowasema hawajui kuogelea, na hata baadhi ya wale waliozaliwa pwani hawajui. Mtu asiyejua kuogelea asikalie kasia nje ya maji ya kiunoni mpaka ajifunze, na hata akijua, avae jaketi la kuokolea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, hakuna kushuka, hata kama zamu ni ya mwenyekiti. Awepo mtu kwenye boti ya injini muda wote wanafunzi wakiwa majini. Chombo kikaguliwe na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kama vyombo vingine vidogo. Bandari nayo ijulishwe, kwa kuwa meli za korosho na za makaa ya mawe zinapita kwenye mlango uleule mwembamba, na rubani wa meli kubwa hawezi kupiga breki kwa ajili ya dau la wanafunzi. Klabu isiyoweza kutimiza haya ifungwe, na nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Lakini angalia orodha hiyo gharama zake zinaangukia wapi. Zinaangukia kwenye jaketi, mafuta ya injini, posho ya mwangalizi na masomo ya kuogelea. Fedha ya boti moja ya kaboni ingevilipia vyote kwa miaka.

Bahari yetu yenyewe inawafaa wanafunzi kuliko wengi wanavyodhani, mradi tuisome. Mwaka wa masomo huanza mnamo Oktoba au Novemba, kusi likiwa limechoka na kaskazi halijashika, wakati ambao wazee huuita matlai. Yaani mgeni anafika chuoni bahari ikiwa kwenye upole wake wa mwaka. Ana wiki kadhaa za kujifunza kabla kaskazi halijaongeza nguvu Desemba na Januari, na kusi likianza kuvuma kwa ukali muhula wa pili tayari si mgeni tena. Ghuba ya Mtwara nayo imefungwa na rasi ya Msangamkuu, mdomo wake ni mwembamba, na ile ya Mikindani imejificha zaidi; siku ambayo huko nje mawimbi yanavunjika kwenye miamba, ndani mtu anaweza kufundisha. Kitu kinachokwamisha ni ratiba. Klabu imeandika "Jumamosi saa mbili asubuhi" kwenye ubao wa matangazo, kama vile bahari ni uwanja wa Nangwanda Sijaona unaofunguliwa kwa ufunguo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hujaa mnamo saa kumi na hupwa mnamo saa nne, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Kwa hiyo Jumamosi ya bamvua, saa mbili maji yanakimbia kutoka, na saa nne dau limekaa kwenye tope na zamu ya tatu na ya nne zimepotea. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yanajaa asubuhi hiyohiyo, na zamu zote zinatosha. Mbio za Oxford na Cambridge, zinazopigwa sasa kwenye Mto Thames jijini London kwa umbali wa kilomita 6.8, muda wake wa kuanza hubadilika mwaka hadi mwaka kwa sababu hupangwa boti zipande na maji yanayojaa. Waandaaji wenye fedha zote zile wanausubiri mto. Sisi tuna wazee wanaojua maji ya wiki ijayo bila kufungua simu, na bado tunapanga kwa kalenda ya semina.

Hapo ndipo zile mbio za kufukuzana zinaponijia tena. Kama mto mwembamba uliwazalia wale mchezo wao, ghuba yenye maji yanayotembea mita 3 inaweza kutuzalia wetu: mbio za kuondoka maji yakianza kujaa na kurudi kabla hayajageuka, ambapo timu inayosoma mkondo vibaya inajikuta inavuta bila kusogea huku yenye wazee nyuma yake ikipita kandokando ya rasi. Klabu ikitaka kushindana na chuo kingine, iwe kwa njia ya TUSA, chama cha michezo ya vyuo vikuu nchini, au kwa mwaliko wa Lindi, ishindane kwanza kwa hilo. Boti za kimataifa zinaweza kukodishwa au kuombwa siku wanachama wakiwa wengi na wazuri kiasi cha kuzistahili.

Kuna jambo la wanawake, na sitalimaliza kwa sentensi mbili kama ilivyozoeleka. Wanawake wa pwani hii wanaingia baharini kila maji yakipwa, kutafuta pweza na chaza kwenye miamba, lakini chomboni mwiko wa zamani bado una watu wake, na wapo wanaotazama pembeni binti akishika kasia. Oxford na Cambridge walipeleka wanawake kushindana kwa mara ya kwanza mwaka 1927, na hawakuwaweka kwenye njia moja na wanaume siku moja mpaka 2015. Mwaka 1976 wanawake wa Yale waliandamana hadi ofisini kwa sababu wenzao wa kiume walikuwa na bafu baada ya mazoezi, wao wakisubiri ndani ya basi na nguo mbichi mwilini wakati wa baridi. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria Shangani, ambako mabinti wa klabu wanabadilisha nguo wakizungushiana kanga nyuma ya mnazi, na wengine kwa sababu hiyo tu waliacha kuja. Hawakuwa waoga wala wavivu. Vazi halikuwa tatizo pia. Wanavaa suruali ndefu na mikono mirefu, hijabu imefungwa vizuri, na wanavuta. Wanahitaji chumba chenye mlango na bomba. Mabati, mifuko michache ya saruji na fundi wa siku nne, na idadi ya wanachama itaongezeka kuliko ambavyo boti yoyote ingeweza kuiongeza.

Kwa hiyo uongozi wa chuo ukiulizwa utaisaidiaje klabu, natamani uanze na chumba hicho, kisha jaketi, kisha mhadhiri mmoja mlezi anayekubali kuamka alfajiri na ambaye jina lake liko kwenye barua. Kila mwisho wa mwaka klabu itoe hesabu ya watu wangapi waliingia hawajui kuogelea na wangapi wanajua sasa. Na kuna suala la yule mzee. Chuo kina kifungu cha posho kwa wakufunzi wa muda, kinachodai cheti, na yeye hana cheti chochote isipokuwa kadi ya kupigia kura. Amefundisha watu wengi kuliko baadhi ya waliolipwa kwa kifungu hicho. Ofisi inayohusika ikitaka, inaweza kumwandikia mkataba wa muhula mmoja kama fundi stadi, na fundi stadi hulipwa kwa ujuzi. Mpaka Jumamosi iliyopita malipo yake yalikuwa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha ambayo wanafunzi humchangia, na nauli ya bodaboda ya kumrudisha nyumbani.